Mshale Ambao Sikuutangaza

Mama yangu Bhoke,

Salamu naziruka, maana tumeamkiana asubuhi, na saa hizi uko Mugumu unatafuta sweta la tatu. Mama yako amesikia Kanada kuna baridi na hataki kusikia kwamba wenye baridi yao wanauza masweta. Nimekaa nyuma ya nyumba, karibu na gunia lako la shabaha, na daftari la mdogo wako Ghati ambalo nimelichana karatasi za katikati. Akikuuliza kwenye simu, mwambie ni panya.

Barua hii nitaisukuma ndani ya buti lako jipya la kulia, chini kabisa ya begi. Kwa hiyo ukisoma hapa umeshafika, umeshalala, na umejaribu kuvaa buti ukakuta linabana. Nimefanya makusudi. Habari hii ningeweza kukwambia kwa mdomo leo, lakini najijua: kwa mdomo ninaanza na ukweli na kumaliza na utani. Kwenye karatasi sina wa kumchekesha.

Mambo ya pasipoti, ya kutopokea mzigo wa mtu uwanja wa ndege, ya kusali kabla ya kulala, mama yako ameyasema mpaka kuku wameyajua. Mimi nina neno moja tu, nalo ni la dubu.

Watu hapa Nyansurura bado hawaelewi unakokwenda. Wanasema Bhoke amepata kazi Ulaya. Nimechoka kuwaeleza kwamba ni Kanada, na kwamba yule mama mwenye kambi, uliyemsomea nyayo misimu miwili kwenye kitalu cha uwindaji, amekuita ukafanye kazi ileile kwake: kubeba mizigo, kukaa na darubini juu ya kilima, kumtafuta mnyama kwa macho mpaka aonekane, kisha kumnyatia kwa miguu. Na kwamba mwisho wa msimu utapata kibali chako mwenyewe, dubu mweusi mmoja, kwa upinde. Hakuna mbwa, hakuna chambo. Nikifika hapo kwenye upinde, wazee wananitazama mimi na kucheka. Walinicheka pia nilipokuchongea upinde wa kwanza ukiwa darasa la tatu. Walisema Mwita amekosa mtoto wa kiume ndiyo maana. Ni kweli nilikuwa nimekosa mtoto wa kiume, lakini upinde sikukupa kwa sababu hiyo. Nilikupa kwa sababu uliuomba kila siku asubuhi na mimi nilitaka kunywa uji kwa amani.

Dubu simjui. Nimemwona kwenye simu yako tu, anakula majani kwenye mteremko kama ng'ombe wa mtu. Ukaniambia analala miezi mizima ya baridi, halafu anaamka na njaa na kutoka kutafuta majani mabichi. Nikasema huyo ni mjomba wako Nyamhanga. Ulicheka mpaka simu ikakuponyoka. Kisha ukanionyesha makucha yake na mimi ndiye niliyeacha kucheka.

Sina wasiwasi na macho yako. Upepo pia unaujua. Kile kitambaa cha majivu nilichokufungia kiko mfuko wa pembeni wa begi. Ukikitikisa kidogo, vumbi litakwambia hewa inakwenda wapi. Ulinieleza kwamba kwenye ile milima hewa inashuka asubuhi na kupanda jua likishika. Ni kama hapa. Asubuhi moshi wa jirani yetu wa kilimani unatujia sisi, mchana moshi wetu unamfuata yeye, na hapo ndipo anapojua tunapika nini. Dubu naye atajua, tena yeye pua yake ni kali kuliko ya jirani.

Ninachokiogopa nilikiona juzi, hapa hapa nilipokaa.

Ulikuwa unapiga gunia. Ghati anahesabu, mimi nimeegemea zizi. Mshale wa kwanza ukaingia katikati. Wa pili ukaingia pembeni kabisa, karibu na mshono. Wa tatu chini, kule ambako kama gunia lingekuwa mnyama pangekuwa tumbo. Na kila mara ulipaza sauti, "Imepata, Tata! Imepata!" Na mimi nikapiga makofi. Nilipiga makofi mishale yote mitatu, mama. Baba yako mdogo Marwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anatengeneza kamba ya ndama. Yeye hakupiga makofi.

Jioni ile nikala kidogo, mama yako akauliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimesikia mdomo wako ukisema neno langu. Hilo "imepata" ni la kwangu. Nimelitumia tangu ujana, na nitakueleza lilikotoka.

Sisi tulipiga kwa sumu. Unajua habari hizo kwa juu juu tu, kwa sababu nilipokufundisha upinde, sumu nilikuwa nimeshaiacha, na porini nilikuwa nimeacha kuingia. Sumu ilichemshwa kutoka kwenye mti mpaka ikawa nzito kama lami, ikapakwa nyuma ya kigumba, kile chuma cha mbele ya mshale, kisha ikazungushiwa ngozi laini isipigwe na jua. Mshale wa namna hiyo hauulizi umeingia wapi. Paja, shingo, tumbo, bega, popote ukigusa damu, mnyama anakwenda mbali kidogo na anaanguka. Kwa hiyo mkono wa mwindaji wa sumu unazoea uvivu. Hauchagui mahali. Unataka kugusa tu, kisha unasema imepata, unakaa chini kungoja. Nilidhani nakufundisha kupiga upinde. Nimekufundisha kupiga kwa sumu, na sumu yenyewe sikukupa.

Wewe huko utakuwa na ule upinde wenye magurudumu, na mshale wenye wembe mtupu. Mwenyewe ulisema wembe unaua kwa kukata, na kama haukukata mapafu haujaua. Ukasema pia dubu ana mafuta na manyoya mengi, damu inalowa humo humo, haidondoki chini ili mtu aifuate. Halafu, mezani, Marwa akiwepo, ukatueleza sheria ya ile kambi: ukimpiga dubu ukamjeruhi, huyo ni wako hata usipompata. Kibali chako kimekwisha. Na hulali mpaka kambi nzima ijue alipo.

Marwa akaunyoosha ule mguu wake, akasema, "Sheria nzuri hiyo."

Nikainuka nikaenda kuangalia ng'ombe ambao nilikuwa nimetoka kuwaangalia.

Sasa sikiliza. Mguu wa Marwa unaufahamu tangu ukiwa mgongoni. Umeambiwa alivunjwa na nyati mzee wa peke yake, mkali, na kwamba ilikuwa bahati mbaya. Kila mtu hapa anasema hivyo, na aliyesema kwanza ni mimi.

Ulikuwa hujaota meno. Tulikwenda watu wanne, mimi na Marwa na wenzetu wawili wa rika langu. Tuliingia bila kibali, nisikudanganye, na sikusimulii ili unisifu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, maji yamebaki kwenye madimbwi machache ya korongo. Jioni ya pili nilitoka peke yangu, nikamkuta nyati amesimama kwenye ukingo wa kichaka, amenipa kisogo. Ningengoja angegeuka. Sikungoja. Nilimpiga kwenye paja, nikasikia mshale ulivyoingia, nikasema moyoni imepata.

Lakini kuna jambo nililijua kabla sijavuta kamba. Ile ngozi ya kufunika sumu ilikuwa imedondoka siku mbili nyuma, na kigumba kilikuwa kimekaa uchi juani. Sumu iliyopigwa na jua inachoka. Tena ilikuwa ya mwaka uliopita. Nilijua, nikapiga hivyo hivyo.

Wawindaji wa kwetu walikuwa na desturi, na walikuwa wakali nayo kuliko desturi nyingine yoyote. Ukimpiga mnyama asianguke, ukirudi kambini unatangaza kabla hujanywa maji. Unasema nimempiga fulani, mahali fulani, ameelekea upande fulani. Watu wakishajua, hakuna anayekwenda upande ule peke yake, hata awe amebanwa namna gani. Na kila mtu alikuwa na alama yake kwenye kigumba, amewekewa na mhunzi. Yetu ni mistari miwili iliyosimama na mmoja unaoikata. Asubuhi mnyama akipatikana, alama inasema ni wa nani, na mwenye alama ndiye anayegawa nyama. Ndiyo maana mtu alitangaza kwa furaha. Ilikuwa ni kujisifu pia.

Nilirudi kambini. Mmoja wa wenzetu akaniuliza, "Mura Mwita, umeona nini huko?"

"Hamna kitu," nikasema. "Nyayo tu."

Nikanywa maji.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijua ningetangaza wangeniuliza sumu ya lini, nami ningechekwa. Nilikuwa mkubwa wao, nimeoa, nina mtoto, na ndiye niliyekuwa nawasema wengine kwa uzembe. Nikafikiri nyati atakufa usiku, asubuhi nitajifanya nimemkuta. Ni hilo tu. Sikuwa na sababu kubwa kuliko kuogopa kuchekwa, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi, kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo.

Alfajiri Marwa alichukua kibuyu akaenda dimbwini. Nilikuwa macho. Nilimsikia akisema, "Nachota maji, mkiamka mwashe moto." Nilimwona akielekea upande ule. Mama, nilikuwa na muda wa kuita. Nilikuwa na muda wa kuita mara mbili. Nikajiambia nyati ameshakufa.

Tulisikia kibuyu kabla ya kumsikia yeye.

Wenzetu walimwua yule nyati kwa mikuki, alikuwa ameshalegea, sumu ilikuwa imefanya kazi nusu. Nusu ile ndiyo iliyomfanya akae kichakani na hasira badala ya kwenda zake. Wao wawili wakambeba Marwa kwenye blanketi na fito, nyonga imevunjika, hata kulia halii. Mimi nikasema tangulieni, nachukua nyama kidogo nitawafuata. Waliona ni roho mbaya, kufikiria nyama wakati ule, na mmoja alinitemea mate miguuni. Afadhali wangejua ni nyama. Nilipiga goti kwenye paja la nyati, nikakikuta kigumba changu, mti wake umevunjika, alama inaonekana vizuri kabisa. Miaka yote nilitaka alama ile ionekane. Siku ile nilikichimbua kwa kisu nikakitia mkobani.

Marwa alilala miezi. Mguu ukaunga vibaya, ukawa mfupi. Alikuwa na mbio kuliko vijana wote wa ukoo wetu, walikuwa wanamtuma kurudisha ng'ombe waliopotea kwa sababu angewapata siku hiyo hiyo. Wazee wakasema si bure, amekosea mahali, asafishwe. Akatoa kondoo. Marwa hakuwa na kosa lolote akatafutiwa kosa, akakumbuka kitu alichomjibu marehemu babu yako akiwa mtoto, akaungama hicho mbele za watu huku amesimama kwa fimbo. Na mimi nilikaa pale na nyama ya yule kondoo nikala.

Hilo ndilo baba yako alilofanya. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi nyingine nikaikata. Hapa naiacha.

Kigumba unakijua. Ulikikuta kwenye kopo la misumari ukiwa na miaka saba hivi, ukaja nacho mbio, "Tata, hiki cha nani?" Nikasema kimeokotwa. Ukakaa unaangalia ile mistari, ukasema lakini ni kama yetu. Nikakupa shilingi mia ukanunue peremende. Hukurudi kuuliza, na sijui kama ulisahau au ulinisitiri.

Na jambo moja zaidi unalopaswa kulijua, kwa sababu ndilo linalokupeleka Kanada. Kusoma nyayo hukufundishwa na mimi. Mimi natembea haraka, siku zote naangalia mbele. Aliyekufundisha ni Marwa. Mtu anayechechemea anatazama anapokanyaga, na ulikuwa unamfuata nyuma kwa hatua zake fupi, akikuonyesha jani lililogeuka na mchanga ulioshuka. Yule mama wa kambi alikuchukua kwa ajili ya macho hayo. Siwezi kusema basi imekuwa heri. Kuna watu watakwambia kila jambo Mungu analigeuza kuwa jema, na labda ni kweli, lakini si mimi ninayeruhusiwa kulisema hilo. Marwa akitaka, atalisema yeye.

Sasa rudi kwenye dubu. Ukimwona kwenye mteremko, hesabu kwanza kama yuko peke yake. Ukiona mtoto nyuma yake, kunja darubini, huyo hakuhusu. Kama yuko peke yake, mfuate kwa subira ile ile aliyokufundisha Marwa. Ukishafika karibu, mkono wako utataka kufanya haraka. Huo ni mkono wangu. Uambie ungoje. Ungoje dubu ageuke ubavu, ungoje mguu wa mbele usogee mbele, pale nyuma ya bega pafunguke. Na kama hageuki, au jua limeshuka na hutakuwa na mwanga wa kumfuata, ondoka. Rudi kambini mikono mitupu. Watakucheka kidogo, halafu watakula, halafu watalala. Nimepima kuchekwa na hayo mengine, mama, na ninakwambia kuchekwa ni kwepesi mno.

Ukimpiga vibaya, na inaweza kutokea, hata mtu hodari inamtokea, usiseme imepata. Sema nimempiga mahali fulani, ameelekea upande fulani. Mwambie yule mama, mwambie mpishi, mwambie hata mgeni aliyefika jana. Useme kabla hujanywa maji.

Ng'ombe wanarudi, namsikia Ghati anawafokea. Kutoka hapa naliona bati la nyumba ya Marwa, na yeye mwenyewe yuko uani, ananing'iniza ile kamba ya ndama. Nikimaliza ukurasa huu nitachukua kigumba kwenye kopo niende kwake kabla jua halijazama. Nimejaribu kupanga maneno nimeshindwa. Nitakiweka mkononi mwake kwanza. Alama anaijua.

Sijui atafanya nini. Wewe unayesoma umeshajua zaidi yangu. Asubuhi ya safari, wakati wa kupanda gari, baba yako mdogo ama alikuja kukuaga ama hakuja. Kama alikuja akakupa mkono, ujue alitembea hadi pale akiwa ameshajua, na mkono ule una uzito ambao hukuuona. Kama hakuja, usimnunie, na usinitetee kwake. Mpigie simu umsalimie kama siku zote, shikamoo baba, umwambie umefika, umweleze nyayo za huko zikoje. Atakavyoshughulika na mimi ni juu yake.

Usirudi kwa sababu ya barua hii. Nakupenda, na ninaogopa, na yote mawili si sababu ya wewe kurudi.

Kabla hujakwenda kwenye kile kilima, omba kisu kidogo au kalamu ya wino usiofutika, uweke alama yetu kwenye kila mshale wako: mistari miwili iliyosimama, mmoja unaoikata. Popote mshale wako utakapobaki, Bhoke, asiwepo mtu wa kuuliza ni wa nani.

Ni mimi baba yako,
Mwita